Kufuatilia Fedha za Mradi Mmoja, Kuanzia Bajeti Hadi Bati: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Vikundi vingi vya wananchi vinavyoanza kufuatilia bajeti hukwama mapema kwa sababu vimeanza na swali lisilojibika: "Halmashauri imekula shilingi ngapi?" Hakuna mtu atakayekujibu hilo, hata afisa mwadilifu. Swali linalojibika ni dogo zaidi. Chukua zahanati moja, vyumba viwili vya madarasa, au choo cha mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia samaki), kisha utafute namba nne: ilipangwa shilingi ngapi, zikapokelewa ngapi, zikatumika ngapi, na kilichosimama pale chini kinalingana na kiasi gani. Namba hizo zikipishana, una hoja. Zikilingana, umejifunza kazi na unahamia mradi mwingine.

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 18 ya Katiba inagusa haki ya kupata taarifa, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Hata hivyo, mbele ya mtendaji usianze kwa kutaja ibara. Anza na mradi.

Kwanza ujue fedha zinapita mfuko gani

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mtu wa Kayenze anamkalia kooni diwani kuhusu barabara, kumbe barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019. Maji ya mjini Mwanza ni MWAUWASA. Barabara kuu na daraja la Kigongo–Busisi ni TANROADS, na wala usiyatafute kwenye bajeti ya Misungwi au Sengerema. Diwani anaweza kuwaita wakala hao watoe maelezo, lakini vocha zao hazimo kwenye faili za mkurugenzi wa halmashauri.

Kinachobaki kwa halmashauri ni kikubwa hata hivyo: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, minada, mialo, mikopo ya vikundi, na miradi inayotokana na mapato ya ndani. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, na halmashauri za wilaya za Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Usichanganye Sengerema na Buchosa. Ni wilaya moja, halmashauri mbili, wakurugenzi wawili, na barua iliyopelekwa Sengerema kuhusu zahanati ya kisiwa cha Kome, iliyo Buchosa, itazunguka miezi.

Kuna pia Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge, na fedha za TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ukikuta mradi mmoja umewekewa mabango mawili, ulizia mara moja kila mfuko umelipia nini. Mradi mmoja kuripotiwa na vyanzo viwili ni njia ya zamani ya kuficha fedha, ingawa mara nyingine ni kweli kwamba mfuko mmoja ulijenga msingi na mwingine ukaezeka.

Kalenda: ukichelewa, unauliza habari za jana

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mipango ya vijiji na mitaa huibuliwa katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu inaingia kwenye bajeti inayojadiliwa na Baraza la Madiwani kabla ya kwenda mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Kwa hiyo anayetaka choo cha shule kiingie kwenye bajeti ya mwaka ujao aseme kwenye mkutano wa kijiji kabla ya Desemba. Akisubiri hotuba ya waziri mwezi Juni, atasikia tu kilichokwisha kuamuliwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Usiridhike na kusomewa jumla. Omba taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kisha uipige picha siku hiyohiyo. Karatasi za ubaoni zina tabia ya kupeperushwa na upepo wa ziwa.

Vitabu vya bajeti ya taifa huwekwa kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81. Utakuta humo fedha za mkoa na halmashauri zake, lakini si kila mradi wa kijiji umetajwa kwa jina. Mchanganuo wa kijiji kwa kijiji uko halmashauri.

Jambo moja linalowaponza wengi: bajeti si fedha. Bajeti ni ruhusa ya kutumia fedha zikija. Mradi uliopangiwa milioni 60 unaweza kupokea milioni 25, tena mwezi Mei. Mkisimama kwenye mkutano mkadai milioni 60 zimeliwa, afisa mipango atatoa karatasi ya mapokezi ya fedha, mkutano utacheka, na hamtasikilizwa tena mwaka mzima. Ndiyo maana namba ya pili, fedha zilizopokelewa na tarehe ya kila awamu, inatafutwa kabla ya nyingine zote.

Kikundi na utambulisho

Watu saba hadi tisa wanatosha. Mchaguane kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, majina yaingie kwenye muhtasari, na mtendaji agonge mhuri. Muhtasari huo ndio silaha yenu ya kwanza, kwa sababu bila huo mtaitwa wachochezi. Tafuteni fundi ujenzi, mtu aliyezoea mahesabu (karani mstaafu, mwalimu, mama wa VICOBA anayeshika daftari), na mtu mwenye simu nzuri ya kupiga picha. Asiwemo mjumbe wa kamati ya ujenzi ya mradi mnaoukagua, wala mgombea wa udiwani. Kazi hii ikinuka siasa, imekwisha.

Pelekeni barua ya kujitambulisha kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, mkuu wa wilaya na ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. TAKUKURU wenyewe hufanya ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma, ambao vijijini wengi wanaujua kwa jina la PETS, kwa hiyo hamtakuwa mnawaeleza kitu kigeni.

Kuomba nyaraka

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Unaweza kutozwa gharama ya kudurufu. Wakikuambia kuna fomu, jaza fomu, lakini barua yako ibaki imeambatanishwa.

Barua mbaya huomba "taarifa zote za fedha za halmashauri". Barua nzuri ni hii:

*Mkurugenzi Mtendaji,*
*Halmashauri ya Wilaya ya …*

*K.K. Mtendaji wa Kata ya …*

*YAH: OMBI LA TAARIFA ZA UJENZI WA ZAHANATI YA KIJIJI CHA …*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za: (1) mchanganuo wa gharama na vifaa wa mradi huu, (2) taarifa ya fedha zilizopokelewa, tarehe na kiasi kwa kila awamu, (3) mkataba wa fundi, (4) hati za malipo na risiti, (5) leja ya vifaa na hati za kupokelea mzigo, (6) mihtasari ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi.*

Andika jina lako kamili, namba ya simu na tarehe. Peleka nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe, uondoke nayo, maana siku 30 zinahesabiwa kutoka mhuri huo. Masijala wakisema mhuri umefungiwa kabatini, subiri kwenye benchi. Utafunguliwa.

Mara nyingi karatasi hizi ziko karibu kuliko halmashauri. Miradi mingi ya shule na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti: fedha zinaingia akaunti ya shule au kituo, na kamati za wananchi ndizo zinazonunua na kupokea. Leja iko kwa mwalimu mkuu au mganga mfawidhi. Muulize kwa heshima kabla ya kukimbilia sheria. Na siri ndogo: wiki chache kabla ya Mwenge wa Uhuru kupita wilayani kwenu, faili za miradi itakayokaguliwa huwa zimekamilika na ziko mezani. Ni wakati mzuri wa kuomba.

Kwa mradi wa mkandarasi, zabuni hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni ulioanza 2023, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuona matangazo na nani kapewa kazi.

Kulinganisha karatasi na kilichopo

Kaeni na nyaraka kabla ya kwenda eneo la ujenzi. Chukueni kifaa kimoja kimoja, mkikiandika kwenye mistari mitano ya daftari: kilichokadiriwa, kilicholipiwa, kilichopokelewa, kilichotoka stoo, kilichoonekana. Tuseme saruji. Mchanganuo unasema mifuko 420. Hati za malipo, mifuko 420. Hati za kupokelea, 380. Leja inaonyesha iliyotoka stoo ni 395. Hapo kuna maswali mawili, na la pili ni zito zaidi kuliko la kwanza: mifuko 40 haikufika, na stoo imetoa mifuko 15 ambayo haijawahi kuingia. Leja ya namna hiyo huwa imeandikwa usiku mmoja. Angalieni kama wino na mwandiko ni uleule kwa miezi mitatu mfululizo.

Risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi, zina msimbo wa QR. Zipigeni kwa simu, mfumo wa TRA utaonyesha kama risiti ni halali, ya nani na ya kiasi gani. Kosa la kawaida si risiti ya uongo bali risiti ya kweli ya kitu kingine: duka la vyakula limetoa risiti ya "vifaa", au tarehe ni ya baada ya ukaguzi kutangazwa.

Mawe yanastahili aya yake, kwa sababu Mwanza hatuna uhaba wa mawe. Vijiji na mitaa mingi huchangia mawe, mchanga, kokoto na maji kama nguvu za wananchi. Akina mama hugonga kokoto wiki nzima. Halafu mchanganuo wa gharama, ulioandaliwa na mhandisi kabla ya mchango, unakuwa bado na kifungu cha kununua mawe, na kifungu hicho kinalipwa. Hapa fedha hupotea bila mtu kuvunja kufuli. Dawa ni daftari la michango: kila tripu inayoletwa na wananchi iandikwe tarehe, aliyeleta, kiasi, na thamani kwa bei ya hapo. Kisha kamati ya ujenzi ikubaliane kwa muhtasari kwamba kifungu hicho cha fedha kinahamia kazi gani, kwa mfano shimo la choo au madawati.

Hata kama daftari halikuandikwa, msingi unapimika. Pimeni urefu wote wa msingi, upana wake na kina. Msingi wenye jumla ya mita 60, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90 una mita za ujazo 32.4. Tipa ndogo hubeba kama mita za ujazo nne hadi tano (pimeni bodi ya lori lenyewe: urefu mara upana mara kimo). Kwa kuwa mawe yaliyomwagwa huacha nafasi nyingi katikati, tripu nane hadi kumi zinatosha. Hati ikisema tripu 22, fundi wenu atajua cha kuuliza. Kina cha msingi hakionekani baada ya kufukiwa, kwa hiyo pigeni picha na futikamba ikiwa ndani ya mtaro, siku ileile unapochimbwa.

Bati zinahesabika ukiwa chini. Geji ndiyo inayodanganya: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, yaani geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Mchanganuo ukisema 28, tafuteni muhuri wa kiwandani kwenye vipande vilivyokatwa au upande wa chini wa bati. Nondo pia: iliyoandikwa milimita 12 mara nyingine ni 10. Kalipa ya fundi inamaliza ubishi kwa dakika moja. Kwa tofali za saruji, ulizeni mfuko mmoja ulitoa tofali ngapi. Za inchi 6 zikizidi sana 30 kwa mfuko wa kilo 50, zitamomonyoka kwa kucha, na mtaona unga chini ya ukuta mvua ya kwanza ikinyesha.

Si kila tofauti ni wizi. Bei ya saruji Ukara au Irugwa si ya Mwanza mjini, maana kuna kupakia, boti na kupakua. Ulizeni gharama ya usafiri imeandikwa wapi. Kama iko ndani ya bei ya mfuko na pia imelipwa peke yake, hapo ndipo penye tatizo.

Upande wa mapato: mwaloni

Kufuatilia matumizi tu ni nusu ya kazi. Kwenye mwambao, fedha nyingi hupotea kabla hazijaitwa bajeti. Ushuru hukusanywa kwa mashine za POS na hutakiwa kuingizwa benki kwa namba ya malipo ya serikali. Mkusanyaji anapotumia makusanyo kabla ya kuyapeleka benki, watu wa halmashauri wanaita "kula fedha mbichi". Dalili zake ni mashine ambayo kila siku "haina mtandao", risiti za kuandikwa kwa mkono, na wafanyabiashara wanaokubali kutopewa risiti ili walipe nusu.

Namna ya kukadiria ni kuhesabu mzigo, si mitumbwi. Mtumbwi unaweza kurudi mtupu. Simameni kwenye njia ya kutokea mwaloni kuanzia alfajiri, mhesabu magunia au ndoo zinazotoka. Someni kiwango cha ushuru kwenye sheria ndogo za halmashauri yenu, zidisheni, halafu ombeni kwa maandishi makusanyo ya mwalo huo kwa tarehe hizohizo. Washirikisheni BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, mapema. Msiwasimamishe wenye mzigo wala kuwauliza bei zao. Hamna mamlaka hayo na mtagombana bure.

Na hapa mgeni wa ziwa hukosea vibaya. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mwalo hulala. Ukihesabu wiki ya giza ukaizidisha mara 52, utapata ushuru ambao haujawahi kuwepo duniani, na utamtuhumu mtu asiye na hatia. Hesabuni siku tatu za giza na siku tatu za mbalamwezi, na mlinganishe kila siku na makusanyo yake yenyewe.

Ruzuku ya shule na mikopo ya asilimia 10

Hizi mbili ni rahisi na kikundi kipya kingeanza nazo. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Hiyo ni 500 kwa mwezi kwa kila mtoto shuleni. Shule ya watoto 800 ilitarajia 400,000 kila mwezi. Ulizeni kiwango cha sasa, mlinganishe na taarifa ya benki ya shule, na mhesabu wanafunzi waliopo darasani dhidi ya idadi iliyopelekwa wilayani.

Mikopo ya vikundi inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ombeni orodha ya vikundi vya kata yenu, kisha mtembelee kila kimoja. Kikundi chenye mtambo wa kukaushia dagaa lazima kiwe na mtambo.

Kupeleka hoja

Andikeni kurasa mbili tu: mradi, namba nne, tofauti, picha zenye tarehe, na maswali. Msitaje jina la mtu pale ambapo cheo kinatosha. Kwanza mpeni mwenye mradi nafasi ya kujibu, siku 14 kwa maandishi. Hoja nyingi hujibiwa hapa kwa karatasi ambayo hamkuwa mmeiona. Zilizobaki zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, ziingie kwenye muhtasari, zipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aziulize kwenye baraza. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Hamtaruhusiwa kusema, lakini diwani anayejua wapiga kura wake saba wamekaa nyuma huuliza tofauti.

Penye dalili za rushwa, TAKUKURU hupokea simu bila malipo kwa namba 113, na kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Kwenye makundi ya WhatsApp msirushe tuhuma ambazo hamna karatasi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na mtuhumiwa mjanja atahamisha kesi kutoka kwenye saruji yake hadi kwenye simu yako.

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa wazi ikishawasilishwa bungeni, nayo inazungumzia mwaka ulioisha Juni iliyotangulia. Baada ya hapo kila halmashauri hukaa baraza maalumu la kujadili hoja zake za ukaguzi, kwa kawaida kati ya Mei na Juni. Hudhurieni hilo hata mkikosa mengine yote. Mtasikia hoja ngapi "zimefungwa" na ngapi "zinaendelea". Andikeni zilizofungwa zinazohusu kata yenu, na kesho yake mwende mkaangalie. Hoja ya choo kisichokamilika ikifungwa kwa maelezo kwamba ujenzi umemalizika, na milango haipo, pigeni picha na mumwandikie mkaguzi wa ndani wa halmashauri, nakala ofisi ya Mkaguzi Mkuu mkoani, mkitaja namba ya hoja kama ilivyo kwenye ripoti.